Karani wa Indianola: Kusoma Hotuba za Haki na Watoto wa Shule ya Msingi

Nimeombwa nieleze jinsi watoto wa shule ya msingi wanavyoweza kufundishwa habari za haki za kiraia kwa kusoma hotuba kwa makini, mstari kwa mstari. Kazi hiyo nimeifanya Marekani, katika shule ya umma yenye watoto wengi wa wakimbizi kutoka Kongo, kwa hiyo mifano yangu karibu yote itatoka huko. Tuanze na mtihani.

Tarehe 31 Agosti 1962, watu 18 kutoka Ruleville, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, walipanda basi wakasafiri maili 26 hadi mahakama ya kaunti mjini Indianola. Walikwenda kujiandikisha kupiga kura. Miongoni mwao alikuwamo Fannie Lou Hamer, mama wa miaka 44, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 20, ambaye alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Sheria ya Mississippi ilimtaka kila anayejiandikisha anakili kifungu cha katiba ya jimbo atakachochaguliwa na karani, kisha aandike maelezo ya maana yake. Katiba hiyo, ya mwaka 1890, ina vifungu zaidi ya 280, vingine vya mstari mmoja, vingine hata mwanasheria angevisoma mara mbili. Hamer alipewa kifungu cha kisheria chenye maneno ambayo, kama alivyosimulia baadaye, hakuwa ameyasikia maishani mwake. Akaanguka. Aliyeamua kwamba maelezo yake hayakuridhisha alikuwa karani yuleyule aliyemchagulia kifungu.

Mtazameni vizuri karani huyo. Ana maandishi mezani, ana msomaji mbele yake, na ana jibu kichwani ambalo msomaji hawezi kuliona. Hahitaji bunduki wala mbwa. Anauliza tu, "Hapa pana maana gani?" halafu anatikisa kichwa.

Mimi ni mwalimu na ninyi wengi ni walimu, kwa hiyo naweza kusema bila kuogopa kuudhi: karani huyo tunaye madarasani. Mwalimu anasoma shairi au kifungu cha habari, anauliza mwandishi alikusudia nini, mtoto wa kwanza anajibu na kuambiwa si hivyo, wa pili si hivyo, wa tatu anabahatisha maneno yaliyomo kwenye kiongozi cha mwalimu na darasa zima linampigia makofi. Hakuna aliyeulizwa amejuaje. Katika somo la mimea hasara yake ni ndogo. Lakini ukifundisha haki za raia kwa njia hiyo, unafundisha haki kwa chombo kilekile kilichotumiwa kuwanyima watu haki. Haya ndiyo niliyokuja kuyasema leo, na mengine yatakayofuata ni maelezo yake.

Waliopigania haki Kusini mwa Marekani waliligundua jambo hili mapema kuliko sisi. Januari 1957, katika kisiwa cha Johns Island, South Carolina, lilianza darasa la watu wazima la kujifunza kusoma ili waweze kujiandikisha. Lilikaa chumba cha nyuma cha duka la ushirika, mbele pakiwa na bidhaa kama duka lolote, ili Wazungu wasishtuke. Septima Clark, mwalimu wa miaka mingi aliyefukuzwa kazi Charleston kwa kukataa kujitoa katika NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alimchagua jamaa yake Bernice Robinson awe mwalimu. Robinson alikuwa msusi na mshonaji, hakuwa amesomea ualimu, na Clark alimtaka kwa sababu hiyohiyo: hakuwa na mazoea ya kuwasahihisha watu kabla hawajamaliza kusema. Siku ya kwanza aliwauliza wanafunzi wake wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu za kuagiza bidhaa na za kutuma fedha, kusoma Biblia, na kusoma sheria ya uchaguzi ya jimbo lao. Darasa likafuata hapo.

Miaka saba baadaye, kiangazi cha 1964, Mississippi ikapata Shule za Uhuru, wazo la kijana aitwaye Charles Cobb. Zilifunguliwa zaidi ya 40, zikapokea wanafunzi zaidi ya 2,000, katika makanisa, kwenye baraza za nyumba, mahali pengine chini ya mti. Mtaala wao ulijengwa juu ya maswali. Wanafunzi waliulizwa walikuwa wanatafuta nini hapo, wanatamani nini katika maisha ya Wazungu na nini hawakitamani, na katika maisha yao wenyewe kipi wasingekubali kukipoteza. Kwa mtoto ambaye shule ya serikali ilimzoesha kukaa kimya, kuulizwa hivyo na mtu mzima anayesubiri jibu kilikuwa kitu kipya.

Sasa tuingie darasani.

Kila Jumatatu ya tatu ya Januari, Marekani huadhimisha siku ya Martin Luther King. Sheria yake ilitiwa saini mwaka 1983, na sikukuu ikaanza kuadhimishwa 1986. Wiki hiyo, ukipita katika korido za shule za msingi utaona ukuta umejaa mawingu ya karatasi. Juu ya kila wingu mtoto ameandika ndoto yake: apate mbwa, vita viishe, mama asifanye kazi za usiku. Ni mapambo mazuri na sina ugomvi nayo. Lakini mwulize mtoto aliyeandika wingu lile King alitaka nini siku alipoisema ndoto yake. Atakujibu, "Tupendane." Mwulize alikuwa akimwambia nani. Atasema, "Watu wote."

Hotuba ile ya tarehe 28 Agosti 1963 ilitolewa mbele ya watu wapatao 250,000, katika maandamano yaliyoitwa rasmi Maandamano ya Washington ya Kazi na Uhuru. Kazi inatangulia katika jina lenyewe. Baada ya King kushuka, Bayard Rustin, aliyekuwa mratibu mkuu, alisimama akasoma orodha ya madai, na umati ukaitikia dai baada ya dai. Mojawapo lilikuwa kima cha chini cha mshahara kiwe dola 2 kwa saa, wakati huo kikiwa dola 1.15. Hayo yote hayaonekani kwenye mawingu.

Tena, sehemu ya ndoto haikuwamo katika karatasi aliyokuwa nayo King. Clarence Jones, aliyesaidia kuandika rasimu, amesimulia kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu, alimpigia King kelele awaambie watu habari za ndoto, maana alishamsikia akiisema mahali pengine. Miezi miwili nyuma alikuwa ameisema Detroit. King akaisogeza karatasi yake pembeni. Watoto wanakipenda kisa hiki kupita kiasi. Waambieni, lakini kisha warudisheni kwenye karatasi, kwa sababu ndani ya karatasi ndiko kulikokuwa na deni.

King anasema kwamba waliotunga Katiba na Azimio la Uhuru walitia saini hati ya ahadi ya malipo kwa kila raia, na kwamba Marekani imewapa watu weusi hundi iliyorudishwa na benki kwa kukosa fedha. Sehemu hii ndiyo ninayoanza nayo katika darasa la nne, na tatizo la kwanza ni kwamba watoto wa siku hizi hawajawahi kuona hundi. Nilipoileta moja wakaipitisha mkono kwa mkono. Mtoto mmoja akasema ni kama kadi ya baba inapokataa pale dukani na watu wamepanga foleni nyuma yenu. Huku kwetu msiwe na wasiwasi: mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kwa wakala wa M-Pesa anajua maana ya salio kutotosha.

Wakishaelewa hundi, nauliza maswali mawili tu. Nani anadaiwa? Onyesha mstari. Nani anadai? Onyesha mstari. Kalamu za risasi zinaanza kutembea. Hapo hutokea jambo ambalo sijaliona likishindikana: mtoto aliyesema King alitaka tupendane anaanza kusema King alikuja kudai. Hakuambiwa na mimi. Amekuta kwenye maandishi mtu aliyekwenda benki, akaambiwa hakuna kitu, akakataa kuamini kwamba benki imefilisika, akarudi na watu robo milioni.

"Onyesha mstari" ni amri nyepesi, lakini inamfunga mwalimu kuliko inavyomfunga mtoto. Mtoto akileta jibu nisilolitarajia, akaweka kidole mahali, na mahali pale panamuunga mkono, sina ruhusa ya kutikisa kichwa. Kiongozi cha mwalimu kikisema vinginevyo, basi nacho kionyeshe mstari.

Ningependa hata hivyo kuwaambia kwamba King si mahali pazuri pa kuanzia. Ni mhubiri, mwenye shahada ya uzamivu, sentensi zake ndefu zinapanda na kushuka, na sauti yake inajulikana mno. Mtoto anasikia mwangwi kabla hajasoma neno. Maandishi bora niliyowahi kuyaweka mbele ya watoto wa miaka tisa na kumi ni ya yule mama aliyeanguka mtihani.

Tarehe 22 Agosti 1964, karibu miaka miwili baada ya safari ya Indianola, Fannie Lou Hamer aliketi mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlantic City. Alikwenda kwa niaba ya chama kipya cha Mississippi, kilichosema kwamba wajumbe waliotumwa na jimbo, Wazungu watupu, hawakuwa wajumbe halali kwa kuwa watu weusi walizuiwa kushiriki kuwachagua. Alizungumza kwa dakika kama nane hivi. Rais Johnson, akiogopa kupoteza kura za Kusini, aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimhamie yeye. Zilihama kweli. Jioni ile vituo vya televisheni vikaonyesha ushahidi wa Hamer, na waliokuwa hawakumsikia mchana wakamsikia usiku, wengi zaidi.

Nawagawia watoto aya mbili za mwanzo, zisizofika nusu ukurasa. Mara ya kwanza nasoma mimi kwa sauti. Mara ya pili wanasoma wao, kila mtu na kalamu yake, wakipiga mstari chini ya kitu chochote wasichokielewa au kilichowashangaza. Kwa watoto waliofika nchini karibuni naweka pembeni tafsiri yangu ya Kiswahili, maana hakuna sababu ya kumnyima mtoto wa Uvira hoja nzito eti kwa sababu Kiingereza chake bado hakijakaa.

Baada ya kumtaja mwenyekiti wa kamati, Hamer anataja jina lake. Anataja namba ya nyumba, 626, jina la mtaa, mji, na kaunti, Sunflower, na kuongeza kwamba huko ndiko nyumbani kwa Seneta James Eastland. Ndipo anapoingia kwenye habari.

Niliuliza kwa nini ametaja anwani yake. Msichana mmoja Mmarekani alisema ni ili wakitaka kumjibu wajue pa kupeleka barua. Nikamwambia hilo linawezekana kabisa. Akanyoosha mkono mvulana aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. Akasema, "Ni intavyuu. Kwenye intavyuu unaanza na jina, halafu unapokaa. Usiposema vizuri unapokaa, wanadhani yote umedanganya."

Darasa likageuka kumtazama. Familia yake ilihojiwa mara nyingi kabla ya kupewa ruhusa ya kuhamia Marekani, na maofisa wasiowajua. Alikuwa ameketi kando ya mama yake na kusikiliza maelezo yale yale yakirudiwa, na ofisa akiandika. Kwa hiyo alikijua kitu ambacho mimi, na vitabu vyangu vyote, ningehitaji kipindi kizima kukieleza: kwamba maneno yale ni ushahidi, kwamba anayeyasema anajua anatiliwa shaka, na kwamba mbele yake yuko mtu mwenye mamlaka ya kuamini au kutoamini. Nilimwomba aonyeshe mstari. Akaonyesha mahali Hamer anapomtaja mwenyekiti wa kamati.

Baada ya hapo ndipo nilipowapa habari ambayo haimo katika aya zile. Siku chache tu baada ya safari ya Indianola, Septemba 1962, usiku, risasi 16 zilipigwa katika nyumba ya watu waliompa Hamer hifadhi. Tukarudi tukasoma upya ile anwani. Msichana wa barua akasema, kwa sauti ya kulaumu, kwamba basi hakupaswa kuitaja. Nikamuuliza, sasa kwa nini ameitaja? Mabishano yakaanza. Wengine walisema hakuogopa tena. Wengine walisema aliogopa, lakini kamati isingemwamini mtu asiye na kwao. Mmoja alisema, na hili sikulitarajia, kwamba amelitaja jina la seneta ili watu wamuulize seneta: huyu jirani yako unamjua? Eastland alikuwa na shamba kubwa la pamba katika kaunti hiyohiyo, na alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti, mahali ambapo miswada ya haki za kiraia ilikwenda kulala usingizi wa pono. Mtoto hakujua hayo. Aliyafikia kwa kusoma sentensi moja na kujiuliza jina lile linafanya kazi gani pale.

Aya inayofuata ina basi. Wakirudi kutoka Indianola, polisi walilisimamisha, na dereva akashtakiwa kwa kuendesha basi lenye rangi isiyofaa. Kila mwaka watoto wanacheka hapa, kwa sababu kila asubuhi wanapanda basi la njano. Waacheni wacheke. Nawauliza kosa lilikuwa nini, na wapo wanaotafuta kwa dhati sheria ya rangi za mabasi; kwa mtoto mwema, polisi akikamata mtu lazima pana kosa. Nawaambia basi lilelile lilikuwa likibeba vibarua wa mashamba siku nenda siku rudi na rangi yake haikumsumbua mtu. Wanakaa na hilo kidogo. Halafu huwa kuna mmoja anayesema kwamba kilichobadilika ni mahali lilikotoka.

Abiria walichanga faini. Hamer alipofika nyumbani, mwenye shamba ambako alikuwa amefanya kazi kwa miaka 18 alimtaka akafute jina lake la sivyo aondoke. Alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kujiandikisha kwa ajili ya nafsi yake. Usiku uleule akaondoka. Jibu hilo watoto hulikariri bila kuambiwa, na sijawahi kuwazuia. Sisi watu wa ngonjera tunajua kwamba kinachokaririwa kwa hiari hukaa.

Hapa naingia kwenye ugomvi kidogo na wenye somo lenyewe. Usomaji makini kama mbinu ulikuzwa na wahakiki wa fasihi, na I. A. Richards wa Cambridge, katika kitabu alichokitoa mwaka 1929, alieleza jinsi alivyowapa wanafunzi mashairi bila jina la mtunzi wala tarehe. Marekani ilipotoa viwango vipya vya elimu mwaka 2010, mbinu hiyo ikashuka hadi shule za msingi, na somo moja la mfano juu ya hotuba ya Lincoln ya Gettysburg likawashauri walimu wasiwape wanafunzi historia yoyote kabla ya kusoma. Nia ilikuwa njema: mtoto asitegemee maelezo ya mwalimu, ayakabili maneno mwenyewe. Kwa dakika kumi nakubaliana nao. Mngeona jinsi anwani ya Hamer ilivyofanya kazi kabla sijasema lolote. Lakini baada ya dakika kumi, kumnyima mtoto habari za zile risasi ni kumrudisha kwa karani: mwalimu anajua, mtoto hajui, na mtoto anapimwa. Habari zije, ila zije baada ya swali.

Mtaniuliza kuhusu ukatili. Nusu ya pili ya ushahidi wa Hamer inaeleza jinsi yeye na wenzake walivyokamatwa Winona, Juni 1963, na jinsi alivyopigwa gerezani. Ni maelezo mazito, na kwa darasa la nne siyasomi. Lakini siyafichi. Nawaambia kwamba kuanzia hapa anaeleza alivyopigwa na polisi, kwamba tumeruka kwa sababu ya umri wao, na kwamba maneno yapo na watayakuta watakapokua. Nimeona vitabu vya watoto vinavyotoka moja kwa moja kwenye basi la Mississippi hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, kama vile sheria ilipatikana kwa watu kuelewana. Mtoto anayesomeshwa hivyo anabaki na swali ambalo hawezi kuliuliza: kama ilikuwa rahisi hivyo, kwa nini walichelewa?

Hamer mwenyewe alifaulu ule mtihani Januari 1963, baada ya kurudi. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa alete risiti za kodi ya kichwa. Wazee waliomo humu hawahitaji maelezo ya kodi hiyo.

Kuna mwenzetu mmoja aliniuliza kabla hatujaingia kwa nini mtoto wa Kiafrika asome hotuba za Mississippi wakati tunazo zetu. Asome zote. Lakini asidhani kwamba zile ni za mbali. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi katika shule za Marekani, alikuwa London mwaka 1960, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za raia. Desemba 1963, mwezi ule Kenya ilipopata uhuru, Oginga Odinga, mmoja wa viongozi wake, alipita Atlanta, na vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za kiraia, walipotoka kumwona hotelini waliingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakaa, wakakamatwa. Mwenyekiti wa vijana hao alikuwa John Lewis, na ndiye nitakayemalizia naye.

Lewis alikuwa na miaka 23, mdogo kuliko wasemaji wote wakuu wa siku ile ya Washington. Hotuba yake ipo katika matini mbili: ile aliyoiandika na ile aliyoisoma. Ya kwanza ilisema wazi kwamba hawawezi kuuunga mkono mswada wa haki za kiraia wa Rais Kennedy, kwamba hautoshi na umechelewa. Iliuliza serikali ya taifa iko upande gani. Iliiponda subira. Karibu na mwisho ilisema wataandamana kupita Kusini kama Jenerali Sherman alivyopita wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa bila kutumia nguvu. Nakala ilimfikia Askofu Mkuu O'Boyle wa Washington, akasema hatapanda jukwaani kutoa sala ya ufunguzi ikisomwa vile. Wazee wa maandamano wakamwita Lewis nyuma ya sanamu ya Lincoln, watu wakiwa tayari wamejaa uwanjani. Aliyemshawishi ni A. Philip Randolph, mzee wa miaka 74, aliyepanga maandamano kama yale mwaka 1941 na kuyaahirisha. Alimwambia kijana kwamba siku hii ameingoja maisha yake yote. Lewis na wenzake wakaibadilisha hotuba papo hapo. Mswada ukaungwa mkono kwa mashaka makubwa, Sherman akatoka, swali la serikali likatoka.

Hii naifundisha darasa la tano, na ni kazi ya siku mbili. Kila mtoto anapata matini zote mbili, ubavu kwa ubavu, na rangi mbili: moja kwa kilichoondolewa, nyingine kwa kilichoongezwa. Hawahitaji kuambiwa na mtu kwamba hotuba hutungwa, kwamba neno hushindaniwa, kwamba mtu huweza kukubali kufuta sentensi na kukataa kufuta nyingine. Wanaviona kwa rangi. Wanagundua pia kilichobaki: dai la mtu mmoja kura moja, ambalo Lewis analiita kilio cha Afrika na chao pia. Amesimulia mwenyewe kwamba aliliona gazetini, kwenye mabango ya wanawake waliokuwa wakiandamana Rhodesia.

Halafu nawauliza kama alifanya sawa kukubali. Mwaka wa mwisho nilipofundisha, darasa liligawanyika karibu katikati. Msichana mmoja aliandika kwamba alifanya sawa, kwa sababu hata matini ya pili inakataa kusubiri, akaonyesha mahali; kwamba alichotoa ni Sherman, na Sherman hakuwa na kura ya kumpa mtu. Mvulana aliyeketi naye aliandika kwamba alikosea, kwa sababu lile swali la serikali iko upande gani halikujibiwa siku ile na mtu yeyote mwingine, na akanisomea hotuba ya King mstari kwa mstari kunithibitishia kwamba halimo. Mzazi mmoja alinijia akitaka kujua jibu sahihi lilikuwa lipi, kwa kuwa wote wawili walipata alama zote. Nikampa matini mbili na kalamu za rangi, nikamwomba naye anionyeshe.